Nani Alifunga Mtandao Saa Tatu Usiku?



Najua Jumatatu asubuhi mmezoea neno fupi la kuanzia wiki. La leo ni refu. Chukua chai yako uketi. Nataka kukusimulia jinsi kifaa kimoja kilivyokataa kushika intaneti nyumbani kwangu siku nne mfululizo, na jinsi nilivyolaumu kila mtu kabla sijamfikia mwenye kosa. Kama una kifaa cha aina hiyo kinakusumbua, utapata msaada wa kifundi humu. Kama huna, soma tu. Huenda ukajikuta katikati ya hadithi.

Kijana wetu wa kwanza yuko Minnesota, Marekani, tangu mwaka wa 2023. Anatunza wazee, kama Wakenya wengi walio kule, na zamu yake ni ya usiku. Mwezi wa Juni mtu wa kwetu aliyekuja likizo alituletea mzigo kutoka kwake. Mlikuwa na viatu vya mamake, sweta mbili za wadogo zake, na boksi moja lililoandikwa jina langu. Nilipolifungua nikakuta miwani mikubwa ya kufungwa kichwani kwa mikanda, na vishikio viwili vya mkononi. Juu yake kulikuwa na karatasi: “Baba, vaa hii tukutane.”

Kwa asiyeijua, hiyo inaitwa miwani ya uhalisia pepe. Nilipolitaja jina hilo mbele ya mzee mmoja wa kanisa alinitazama vibaya, akadhani nimesema pepo. Nikamwambia, pepe, mzee wangu, si pepo. Ukiivaa, kila jicho linapewa picha yake. Ukigeuza kichwa, picha inageuka nawe, hadi mwili unaamini uko mahali pengine. Watu wawili walio mbali, kila mmoja akivaa yake, wanaweza kuketi katika chumba kimoja kilichochorwa na kompyuta, na ukasikia sauti ya mwenzako ikitoka upande aliokaa. Lakini hayo yote yanategemea intaneti. Miwani yangu haina mahali pa kuweka laini ya simu wala pa kuchomeka waya wa mtandao. Inategemea waifai peke yake. Waifai ikikataa, umevaa mzigo tu usoni.

Sasa nikwambie ukweli, maana bila huo hutaelewa kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi. Mimi na kijana huyu hatukuwa tukizungumza. Simu tulikuwa tunapigiana, ndiyo. “Kazi inaendeleaje? Baridi imepungua? Ngoja nikupe mama.” Hivyo tu, mwaka baada ya mwaka. Mbele ya madhabahu mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini kwa mtoto wangu nilikuwa na maneno ya dakika moja. Mke wangu alipoiona ile miwani alisema, “Usidhani hiki ni kitu cha kuchezea. Huyu mtoto anakuita.”

Tukapanga saa. Mwezi wa Juni, Minnesota iko nyuma yetu kwa saa nane. Zamu yake inaisha asubuhi, analala, anaamka mchana. Saa nane mchana kwake ni saa nne usiku kwetu. Hiyo ndiyo nafasi aliyo nayo kabla ya kujitayarisha kurudi kazini.

Jumatatu mchana niliweka kila kitu sawa. Nikachaji miwani, nikaiunganisha na programu yake kwenye simu, nikaandika neno la siri la waifai, ikakubali. Nikatazama video moja ya bahari, nikajikuta nainua miguu nisilowe. Kila kitu kilikuwa tayari.

Saa nne usiku nikavaa. Alama ya waifai ilikuwepo, mistari yote imejaa. Chini yake yalikuwa maandishi: imeunganishwa, hakuna intaneti. Nikabonyeza mlango wa chumba tulichopanga kukutana. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaacha.

Nilifanya ambalo kila mtu hufanya, nikazima na kuwasha. Usidharau dawa hiyo. Kifaa kikizimwa kabisa kinasahau kilichokwama, na kikiwaka kinaiomba ruta anwani mpya. Ila hakikisha umekizima kweli. Ukibonyeza kitufe mara moja tu miwani hulala, haizimiki. Niliizima kabisa. Kisha nikachomoa ruta kwenye stima, nikahesabu nusu dakika, nikarudisha, nikangoja taa zake zitulie. Bado. Nikamwandikia kijana: “Imekataa.” Akajibu: “Sawa Baba. Kesho.”

Jumanne asubuhi nikajaribu tena, ikafanya kazi vizuri kabisa. Nikamwambia mke wangu imepona. Wapendwa, niliutoa ushuhuda mapema.

Jumanne saa nne usiku, maneno ni yaleyale. Imeunganishwa, hakuna intaneti.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia miwani isahau mtandao wa nyumbani, nikaandika neno la siri upya, polepole, nikiangalia herufi kubwa na ndogo. Ikakubali. Hapo nilipaswa kujifunza kitu. Neno la siri likiwa na kosa unazuiwa mlangoni, huingii. Mimi nilikuwa nimeingia hadi sebuleni, ila chakula sikupewa. Kwa hiyo kosa halikuwa la neno la siri.

Nikaangalia tarehe na saa ya miwani. Usicheke, tarehe ina kazi yake. Kifaa kabla ya kuzungumza na mtandao wa mbali hukagua cheti cha usalama cha upande wa pili, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ya kifaa ikiwa imerudi nyuma miaka miwili kwa sababu betri ilikaa bila chaji, kitaona vyeti vizuri kana kwamba ni vibovu, na kitakataa. Yangu ilikuwa sahihi kwa dakika.

Basi nikakasirika. Nikapiga simu kwa kampuni inayotuletea intaneti. Akapokea binti mmoja mpole. Akaangalia kwenye mitambo yao, akasema laini yetu iko sawa. Akaniuliza, “Simu yako hapo kwenye waifai inafanya kazi, mzee?” Inafanya. “Na kompyuta?” Nayo pia. Akanieleza kwa upole kwamba kama vifaa vingine vinapata intaneti kwenye ruta ileile, basi tatizo huenda liko ndani ya nyumba. Mimi, mchungaji wenu, nikamjibu maneno ambayo nisingependa myasikie. Nikakata simu. Kijana akaandika: “Usijali Baba. Kesho tena.”

Jumatano mchana miwani ikafanya kazi kama kawaida. Nikaona ikiendelea hivi itanitia wazimu.

Jumatano usiku nikaamua kosa ni la nyumba. Nyumba yetu ni ya mawe ya kuchonga, na ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya runinga kwa sababu mke wangu hapendi kuona nyaya. Waifai ni mawimbi ya redio. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana mwendo mdogo na yamejaa watu: waifai za majirani, Bluetooth, hata mikrowevu ya jikoni hutumia eneo hilohilo la mawimbi. Yale ya 5 yana mwendo mkubwa na nafasi zaidi, lakini ukuta mmoja wa mawe unayachosha. Kwa miwani ya aina hii, inayohitaji picha na sauti zifike bila kukatika, ni vizuri kutumia 5 ukiwa chumba kimoja na ruta.

Nikatoa ruta nyuma ya runinga, nikaiweka juu ya kabati, wazi. Nikachagua mtandao wa 5. Nikakaa mita mbili kutoka kwenye ruta. Nikamkataza mke wangu kupasha maziwa kwa mikrowevu. Alinitazama akiwa na kikombe mkononi, akaenda kuyachemsha kwenye sufuria bila neno. Saa nne ikafika. Mistari imejaa, mawimbi yana nguvu, intaneti hakuna.

Mpendwa, lishike hili, maana watu wengi wanadanganywa na ile alama. Mistari ya waifai inakuonyesha kitu kimoja tu: jinsi miwani inavyoisikia ruta. Haikuambii kama ruta inaruhusu chochote kipite. Unaweza kuwa karibu sana na mtu, mko chumba kimoja, na kusiwe na kitu chochote kinachopita kati yenu.

Usiku huo kijana hakuandika “kesho tena.” Aliandika “sawa” peke yake.

Alhamisi nikawa na mazoezi ya ibada na timu ya mitambo pale kanisani. Mnamjua yule kijana wetu mkimya anayeshughulika na kamera na nyaya. Nikamweleza. Nilitaka anisaidie kurudisha miwani katika hali ya kiwandani, kufuta kila kitu tuanze upya. Akakataa. “Pasta, hiyo ni dawa ya mwisho. Itafuta programu zote na kila ulichohifadhi, na kama kosa haliko kwenye miwani utarudi palepale.” Halafu akachukua karatasi akachora vitu vitatu kwa mstari: miwani, ruta, dunia ya nje. Akasema intaneti hupita hapa, hapa na hapa, na kazi ya fundi ni kujua inakwama wapi. Jaribu kipande kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na ikapona, hutajua kilichoiponya.

“Simu yako inapata intaneti kwenye ruta hiyo saa nne usiku?” Ndiyo. “Basi dunia ya nje iko sawa. Leo usiku ikikataa, usiguse ruta. Washa hotispoti ya simu yako, miwani itumie data ya simu. Ikishika, miwani nayo iko sawa. Kitakachobaki ni kimoja.”

Nilipogeuka kwenda akaniuliza swali moja zaidi. “Pasta, hii kitu inakataa saa ngapi hasa?”

Nikamwambia, usiku. Mchana haina shida.

Akafikiri kidogo. “Kitu kilichoharibika hakijui saa. Kama kinajua saa, basi kuna mtu alikiamuru.”

Alhamisi saa nne usiku ikakataa. Nikawasha hotispoti ya simu. Nikaichagua kwenye miwani. Ikashika! Mlango wa chumba ukafunguka. Kulikuwa na meza, viti viwili, dirisha lenye miti. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na sura ya kuchorwa, lakini jinsi ilivyoinamisha kichwa, hivyo ndivyo mtoto wangu hukaa tangu akiwa mdogo. Nikasikia sauti upande wangu wa kulia, karibu sana: “Baba? Umefika?”

Nikasema, “Nimefika.”

Sauti ikakatika. Picha ikaganda. Nilikuwa nimenunua bando ndogo, na miwani ilipopata mtandao ikaanza kupakua masasisho kimyakimya, ikaila yote. Kwa hiyo na wewe ukijaribu kwa hotispoti, angalia salio lako kwanza na usimamishe masasisho. Nilijaribu kununua bando nyingine, lakini nilipomaliza kubonyeza alikuwa ameondoka kujitayarisha kwa kazi.

Sikulala. Ijumaa alfajiri nikaketi na kompyuta. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani ya kuingilia kwenye ukurasa wake. Yangu ni 192.168.1.1, na nyumba nyingi ni hiyo au inayofanana nayo. Neno la siri la msimamizi nilikuwa nimelibadilisha zamani. Nikalikuta kwenye daftari la zamani la mahubiri. Nikaingia. Nikapitia ukurasa baada ya ukurasa, hadi nikafika mahali pa kuweka ratiba ya matumizi, pale ambapo mwenye nyumba anaweza kupanga kifaa gani kipate intaneti na saa ngapi.

Kulikuwa na amri moja tu. Imewashwa. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja asubuhi, kila kifaa kisichokuwa kwenye orodha kisipewe intaneti. Orodha ilikuwa na vifaa vitatu: simu yangu, kompyuta yangu, na runinga.

Amri hiyo ilikuwa na jina. Nililiandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa: ADABU.

Nikakumbuka. Mwaka wa 2020, shule zimefungwa kwa ajili ya korona, kijana yuko kidato cha tatu. Alikuwa anakesha na simu. Tukagombana usiku mmoja hadi majirani wakasikia. Nilimwambia maneno makali, naye akanijibu vibaya. Sikumpiga. Nilienda kwenye ruta nikaweka ile amri, nikaona nimekuwa baba mwenye hekima na teknolojia. Sikumwuliza alikuwa akizungumza na nani saa hizo, wala kwa nini halali. Shule zikafunguka, akamaliza kidato cha nne, akaondoka nyumbani, akavuka bahari. Na kila siku saa tatu usiku, kwa miaka yote hiyo, ruta yangu iliendelea kumfungia mlango.

Kuzima na kuwasha hakukuifuta, kwa sababu ruta huandika amri zake kwenye kumbukumbu isiyopotea stima ikikatika. Miwani ilikuwa kifaa kigeni, haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo mchana ilipita na usiku ilizuiwa. Waifai yenyewe haikukatwa, ndiyo maana mistari ilijaa. Kila dalili niliyoiona ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye sikutaka kuisoma.

Na kuna lingine. Mwaka jana mke wangu alinunua simu mpya. Akalalamika mara nyingi kwamba waifai inamkatalia usiku. Nilimwambia ni simu yake mbovu, alale. Alikuwa akinunua bando kwa pesa zake za mboga, ndani ya nyumba yenye intaneti iliyolipiwa, kwa sababu ya hasira niliyoiweka siku moja kwa mtoto nikaisahau. Hasira yangu haikumchagua mtoto peke yake. Ilimkata kila mtu ambaye hakuwa kwenye orodha yangu.

Niliifuta. Kubonyeza mara mbili tu. Kisha nikamwendea mke wangu jikoni nikamwomba msamaha, kabla ya chai. Baadaye nikapiga simu kwa ile kampuni. Sikumpata yule binti, lakini niliacha ujumbe apelekewe kwamba alisema kweli na mimi nilikosea.

Waliokuja kesha Ijumaa ile wanakumbuka kwamba nilifika saa sita. Mlidhani nilikuwa na safari. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwangu na miwani usoni.

Ilishika mara moja. Chumba kikafunguka, na alikuwepo tayari. Nikakaa. Nikamwambia, “Nimeipata shida. Ilikuwa ile amri ya saa tatu. Mimi ndiye niliiweka.”

Akanyamaza kidogo. Akasema, “Nilijua, Baba. Tangu Jumanne, uliposema mchana inafanya kazi.”

Nikamwuliza mbona hakuniambia tangu Jumanne hiyo.

Akasema, “Nilitaka kuona kama utaiondoa bila kuombwa.”

Wapendwa, nimehubiri habari za yule baba wa Luka 15 mara nyingi, na kila mara nimejiweka kwenye nafasi ya baba, nimesimama barabarani nikiangalia kama mtoto anarudi. Mimi nilikuwa nimejenga geti kwenye barabara hiyohiyo, halafu nikasimama ndani nikishangaa mbona mtoto hafiki.

Tuliongea hadi alipolazimika kwenda kazini. Yaliyobaki ni yetu wawili. Lakini alinionyesha picha ya chumba anachoishi, ile picha ya kuzunguka pande zote, nikageuza kichwa nikaona kitanda chake, jiko lake dogo, viatu vya theluji mlangoni. Miaka yote ya kuuliza kuhusu baridi, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona mahali mtoto wangu anapolala.

Sasa nikuachie ya kubeba, ya kifundi na ya moyo, maana yamefungana.

Moja. Anza na rahisi. Zima kabisa, washa. Angalia tarehe na saa. Sahau mtandao, andika neno la siri upya. Ukiwa hotelini au mahali pa umma, kumbuka kuna waifai ambazo huhitaji ukurasa wa kukubali masharti kwanza, na zisipokubaliwa hupati kitu.

Pili. Sogea karibu. Toa ruta mafichoni, iweke juu na wazi, tumia gigahezi 5 mkiwa chumba kimoja, na 2.4 ukiwa mbali. Na kwa mtu wako pia, sogea karibu kabla ya kusema hasikii.

Tatu. Tenganisha vipande. Jaribu kifaa kingine kwenye ruta ileile, kisha kifaa hichohicho kwenye mtandao mwingine. Utajua kosa liko upande gani bila kumtukana mtu.

Nne. Uliza inakataa saa ngapi. Kama uhusiano wako na mtu ni mzuri hadi mfike mada fulani, au hadi jina fulani litajwe, basi hakuna kilichoharibika hapo. Kuna amri, na amri ina aliyeiweka.

Tano. Usikimbilie kufuta kila kitu. Kuna watu wanataka kuanza upya na ndoa nyingine, kanisa lingine, mji mwingine, na ruta ni ileile. Ingia kwanza kwenye ukurasa wako mwenyewe, usome uliyoyaandika.

Labda wewe pia uliweka amri zamani. Ulisema, “Huyu asikanyage kwangu tena.” Ulisema, “Yule dada yangu simpigii mpaka anipigie yeye kwanza.” Ulikuwa na sababu, na huenda ilikuwa sababu nzuri siku ile. Watoto wanahitaji kulala, sikatai. Lakini siku ile imepita na amri bado inafanya kazi kila usiku, wakati wewe unalalamika kwamba watu hawakufikii.

Nenda ukaiangalie. Usingoje kuombwa. Kuna mtu anayejua iko pale, na anangoja kuona.

Leo, kabla ya saa tatu usiku, mpigie mtu mmoja ambaye hayuko kwenye orodha yako. Usimwambie “ngoja nikupe mama.” Kaa naye wewe mwenyewe kwenye simu.

Kama umeguswa, niandikie hapo chini, hata neno moja. Nitasoma yote jioni. Siku hizi waifai yetu haifungwi usiku.

Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu.